Kabla ya Kumwaga Dawa, Tumutazame Fukusi Mwili Wake



Leo tunaanza na kosa letu sisi wenyewe. Mwaka uliopita, katika depo ya koperative moja isiyo mbali na Kindu, wamemba walikuwa wamekusanya mupunga wa mavuno, na kando yake mifuko ya muchele uliokwisha kutwangwa. Walikubaliana wasiuze. Walitaka kungoja bei ipande, juu wote tunajua mambo ya hapa: wakati wa mavuno mununuzi anakuja na bei yake, na mwenye deni ya masomo ya watoto anaipokea bila kusema neno. Kuweka mupunga katika depo ndiyo nguvu pekee ya mukulima mbele ya ule mununuzi.

Mama mumoja, mwenye kazi ya kupepeta, akatuletea tududu katika kiganja. Akasema: «Agronomu, hivi vimeanza.» Tulitazama mara moja kwa macho matupu, tukajibu haraka kama watu waliosoma: «Ni fukusi.» Tukaagiza poda. Poda ikanunuliwa na feza za koperative, ikamwagwa juu ya mifuko na katikati yake. Kesho yake tududu tulikuwa chini, miguu imekunjwa, na watu wakafurahi. Wiki ine au tano kisha, mifuko ilikuwa inatembea. Ule mama akatuuliza mbele ya wote: «Si mulituambia vimekufa?»

Hatukuwa na jibu siku ile. Tumelitafuta jibu tangu siku ile, na tulilikuta mahali ambapo tungepaswa kuanzia: katika mwili wa kadudu kenyewe. Ndiyo maoni yetu katika ukurasa huu: koperative haifai kununua hata gramu moja ya dawa kabla mutu hajamuchukua mdudu, akamuweka chini ya lupe, na kumutazama toka kichwa mpaka mukia. Hiyo kazi haiko ya maprofesa peke yao.

Mudomo

Tuanze na kichwa. Fukusi wa kweli anajulikana kwa mudomo wake. Mbele ya macho, kichwa chake kinarefuka na kuwa kama mutarimbo muembamba ulioinama kidogo kwenda chini. Wengi wanazania ni sindano ya kunyonya, sawa ile ya mbu. Hapana. Ukitazama ncha yake na lupe nzuri, utaona taya ndogo mbili za kutafuna. Fukusi anabeba meno yake mwishoni mwa mutarimbo, sawa mutu mwenye jembe la mupini murefu.

Juu ya nini alipewa kitu kile? Dike anakitumia kuchimba shimo katika punje. Kisha anageuka, anaweka yai moja ndani ya lile shimo, na anafunga mulango na ute unaokauka na kuwa mugumu. Ukitazama punje kwa nje, huoni kitu. Yai linapasuka ndani. Kifunza kinachotoka hakina miguu hata mumoja. Cha nini miguu kwa mwenye kukaa ndani ya chakula? Kinakula, kinakua, kinageuka kuwa mdudu muzima, yote ndani ya punje ileile. Kwa joto kama la kwetu, toka yai mpaka mdudu kutoka inachukua kama siku 35. Halafu anatafuna njia, anatoka, na anaacha tundu lile tunalolijua.

Sasa rudieni depo yetu. Poda ilimwagwa nje. Iliua wale waliokuwa wanatembea nje. Lakini watoto walikuwa wamefungiwa ndani ya punje, kila mumoja na mulango wake umezibwa, poda haikuwagusa. Wiki tano zilipofika, walitoka. Si kwamba dawa ilikuwa ya uongo. Sisi ndio tulipiga mulango wakati wenye nyumba walikuwa chumbani.

Miguu iliyokunjwa

Kuna jambo la pili, na hili linatuchekesha leo, ingawa siku ile halikuwa la kucheka. Fukusi akiguswa au akitikiswa, anakunja miguu na mapembe yake chini ya tumbo, analala kama maiti. Anakaa vile muda, halafu anainuka na kuendelea na safari. Kila mama anayepepeta amekwisha kuona jambo hili. Sasa wazieni muuzaji wa poda sokoni: anatikisa mufuko, anamwaga poda, anakuonyesha tududu twenye miguu juu. «Ona, wamekufa!» Wengine wamekufa kweli, na wengine wanakungoja uende.

Kwa hiyo, wadudu wakilala baada ya dawa, msipige makofi. Wachukueni ishirini, muwaweke katika chupa yenye mufuniko, muwatazame kesho asubuhi na kesho kutwa. Hesabuni waliosimama. Ni kipimo kisichouzwa dukani, na kinasema ukweli.

Mabawa, matundu na nta

Tuendelee kushuka. Juu ya mugongo, fukusi wa mupunga na wa mahindi ana mabawa mawili magumu yaliyo kama mufuniko wa sanduku, na mara nyingi utaona madoa mane ya rangi nyekundu-nyekundu, mbili kila upande. Ukiinua ule mufuniko polepole na ncha ya sindano, chini yake utakuta mabawa mengine, laini, yaliyokunjwa. Hawa wanaruka. Wanatoka katika depo kwenda shambani, na wanarudi toka shambani kuingia depo. Ndugu yao wa inchi za baridi, fukusi wa ngano, hana mabawa ya chini, haruki hata kidogo, anangoja kubebwa. Ukijua wako anaruka, unafahamu juu ya nini depo iliyofagiliwa inajaa tena wakati mahindi ya mwaka jana yanabaki yananing'inia juu ya moto kwa jirani.

Kandokando ya mwili, fukusi ana matundu madogo sana. Ndiyo pua zake. Mdudu hapumui kwa mudomo. Hewa inaingia kwa matundu yale na kupita katika mirija mpaka ndani ya mwili. Kama hewa haiko, anakufa, na kifunza aliye ndani ya punje anakufa vilevile, juu mulango wa ute haumuletei hewa ambayo haimo katika chombo. Hapa ndipo bidon ya plastiki na mifuko isiyopitisha hewa inashinda poda. Jaza mpaka juu kabisa usiache nafasi, funga kwa nguvu, usifungue kwa wiki kazaa. Wadudu wenyewe wanamaliza hewa yao. Lakini mupunga lazima uwe umekauka sana. Ukifungia punje zenye maji, utaua fukusi na utafuga kuvu, na mbegu haitaota.

Namna ya kujua kama imekauka? Chukua chupa safi iliyokauka, tia punje na chumvi kidogo iliyokauka, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, anika tena. Ikibaki inateleza, weka.

Na nje ya lile ganda gumu kuna nta, nyembamba kuliko kitu tunachoweza kuona, inayozuia maji ya mwili yasitoke. Jivu safi lililochungwa vizuri linakwaruza nta ile na kuinyonya. Mdudu anakauka. Bazee wetu waliochanganya jivu na mbegu hawakusoma habari ya nta, lakini walisoma fukusi. Na mwaka 2014 wachunguzi wengine wameonyesha kitu cha kushangaza zaidi: fukusi hajengi ganda lake peke yake. Ndani ya mwili wake kuna vijidudu, bakteria, vinavyomusaidia kupata vitu vya kulifanya ganda liwe gumu. Ganda likiisha kukomaa, anawaondoa. Hata mwizi wa muchele wetu ana wafanyakazi wake, na anawafukuza kazi ikiisha.

Fukusi wawili katika jina moja

Mutu anaweza kuuliza: haya yote si yamekwisha kuandikwa? Fukusi ni fukusi, mupya atoke wapi?

Tuelezeane hadisi ya fukusi mwenyewe. Mwaka 1763 mwanasayansi wa Sweden, Linnaeus, alimuandika fukusi wa muchele. Leo anaitwa Sitophilus oryzae. Lile jina la kwanza linatoka katika Kigriki na maana yake ni mupenda-nafaka. Mwaka 1855 mwingine, Motschulsky wa Urusi, akaandika kwamba kuna fukusi wa mahindi aliye tofauti, Sitophilus zeamais. Watu wengi hawakumusikia. Kwa miaka na miaka, hata katika karne ya 20, vitabu viliandika kwamba ni mdudu mumoja, wengine wakubwa kidogo na wengine wadogo kidogo. Mpaka mwaka 1961, mtaalamu Kuschel akapanga mambo na majina yakakaa mahali pake: ni wawili.

Walijuaje? Si kwa ukubwa. Wakubwa na wadogo wanachanganyikana, na fukusi aliyekulia katika punje ndogo anatoka mudogo. Si kwa chakula. Pamoja na majina yale, wa muchele anakula mahindi na wa mahindi anakula muchele. Walijua kwa kufungua tumbo la dume chini ya mikroskopu na kutazama kiungo chake cha uzazi. Kwa mumoja, mugongo wa kiungo kile ni laini na wa mviringo. Kwa mwingine, kuna mifereji miwili inayokwenda sambamba. Mifereji miwili kwenye kitu kidogo kuliko punje ya chumvi, na watu wasomi walikosa kuipatia uzito kwa miaka karibu mia moja.

Hii ndiyo namna kila fukusi mupya anaandikwa hata leo. Mwandishi anachagua mdudu mumoja awe shahidi wa jina, anayetunzwa katika jumba la makumbusho ili mwenye mashaka aje kumutazama. Anapima urefu. Anahesabu vipande vya pembe. Kwa fukusi pembe inapinda kama kiwiko cha mukono. Anaeleza vishimo vya mugongoni, kama ni vya duara au virefu. Anafungua tumbo. Anasema ndugu zake ni nani na amewapita kwa nini. Dunia imekwisha kuandika fukusi zaidi ya elfu 60, na kazi haijaisha. Wengi wa Kongo walipewa majina mbali sana na hapa, na mashahidi wao wako katika masanduku ya Tervuren, Ubelgiji. Sisi tunaokaa nao tunasema tu «tududu».

Mugeni wa Tabora

Sasa tufike kwenye jambo linalotufanya tuandike kwa uchungu. Kule Tabora, Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970, wakulima walianza kuona mahindi yao yanageuka unga ndani ya gala kwa kasi ambayo hawajaiona. Walitumia dawa ileile ya kila siku. Haikusaidia. Wakampa mdudu majina yao: Dumuzi, na wengine Scania, sawa lori lisilosimama. Mwaka 1981 ilitangazwa kwa maandishi kwamba mdudu huyu ni mugeni kabisa katika Afrika. Jina lake ni Prostephanus truncatus, na kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Mwaka 1983 alionekana Kenya, mwaka 1984 Burundi. Mwaka 1984 pia alionekana Togo, upande wa pili wa Afrika.

Angalieni mwili wake na mutafahamu hatari ya kusema «ni fukusi» haraka. Dumuzi hana mudomo murefu. Kichwa chake kimefichwa chini ya kifua, sawa mutu aliyevaa kofia ya mvua. Ukimutazama kwa juu huoni kichwa. Mwili ni kama kipande kidogo cha kalamu, na nyuma amekatwa wima, kama kwa panga. Kuna ndugu yake mudogo anayefanana naye na anayeingia hata katika mupunga wenye maganda, Rhyzopertha. Lakini huyu nyuma yake imeinama kwa mviringo, haikukatwa. Tofauti ni pale tu: mukia uliokatwa au mukia wa mviringo. Mutu mwenye lupe anaiona kwa dakika moja.

Na tofauti ile ilibadilisha dawa. Dawa ya pirimifosi-methili, iliyoua fukusi vizuri, haikumuweza Dumuzi. Perimethrini ilimuweza Dumuzi, lakini ilikuwa zaifu kwa fukusi. Ndiyo maana wakatengeneza poda ya mchanganyiko wa zote mbili, na wakawaambia wakulima wapukuchue mahindi, wasiyaweke tena na magunzi yake. Baadaye wakamutafuta adui wake wa kwao, kadudu keusi kanachoitwa Teretrius nigrescens, wakamuachilia Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Hatua zote zile zilianza siku mutu alipomutazama mdudu na kusema: huyu si yule.

Dumuzi anakula pia mihogo iliyokauka. Tukirudia neno hili, ni kwa sababu ya sisi wa Maniema. Njia ya Tabora na Ujiji mpaka Nyangwe na Kasongo ni ya zamani kuliko reli. Ndiyo ilileta mupunga kwetu katika karne ya 19, pamoja na misafara ya Waungwana na Kiswahili hiki tunachoandika. Leo mizigo inapanda treni kutoka upande wa ziwa na wa Kusini, inashuka na pirogi katika Lualaba, inapita na kinga katika njia za mvua. Mufuko wa mahindi haubebi mahindi peke yake. Siku mugeni atakapofika katika depo ya Kibombo, ya Pangi ao ya Kailo, nani atamuona wa kwanza? Si agronomu. Ni ule mama mwenye lungo.

Si wote ni adui

Tunaomba pia tusimuhukumu kila mwenye mudomo murefu. Katika michikichi yetu kuna fukusi mudogo, Elaeidobius kamerunicus, anayejaa katika maua ya dume na kubeba unga wake mpaka maua ya dike. Watu wa Malaysia walipanda michikichi ya Afrika bila mdudu huyu, na kwa miaka mingi wafanyakazi walipuliza unga wa maua kwa mikono, muchikichi kwa muchikichi. Wengi waliamini kwamba upepo ndio unafanya kazi. Mwaka 1981 wakachukua fukusi huyu toka Cameroun, wakamuachilia kule, na ile kazi ya mikono ikawa haihitajiki tena. Mawese yetu katika sombe ni kazi ya fukusi. Mutu akipuliza sumu katika maua ya michikichi kwa sababu ameona «tududu», anajikata mukono mwenyewe.

Wanaotupinga

Tumesikia maneno ya wanaokataa. Wa kwanza anasema: watu wana njaa, na agronomu anatuambia tuhesabu miguu ya mdudu? Tunamujibu kwa heshima: feza za poda iliyopotea katika depo ile zilikuwa za watu wenye njaa. Na kuna hasara mbaya kuliko feza. Vile vidonge vya kutoa moshi, vyenye gesi ya fosifini, vinauzwa mukononi kama bonbon, na watu wanaviweka katika nyumba wanamolala. Gesi ile haichagui kati ya fukusi na mutoto. Mwenye kutumia sumu kali kwa sababu hajui mdudu wake anaweka jamaa yake rehani.

Wa pili anasema: haya ni ya wasomi, mukulima hataweza. Tumejaribu. Katika mukutano mumoja tulitoa lupe tatu na sahani yenye wadudu waliochanganyika. Nusu saa haikupita, mama na vijana walikuwa wamewatenga katika mafungu: wenye mudomo murefu, wekundu na bapa, wasio na mudomo, wanaopenda unga na punje zilizovunjika, na wale wa kunde, wafupi, ambao mabawa yao hayafuniki mukia na ambao mayai yao meupe yanaonekana juu ya ganda la kunde. Hawakujua majina ya Kilatini. Lakini kila fungu lilileta shauri lake. Wekundu wengi? Muchele umevunjika sana ao umekaa sana. Chekecheni, safisheni pembe za depo. Mayai meupe kwenye kunde? Pangeni kunde mbali na mbegu mpya, fungieni katika bidon haraka. Mudomo murefu katika muchele? Basi siku nyingine wekeni mupunga na maganda yake, mutwange wakati wa kuuza, kwani ganda lisilopasuka ni ukuta ambao fukusi anauweza kwa shida. Shauri hili la mwisho lingeokoa mifuko ya depo yetu bila poda hata kijiko.

Wa tatu, na huyu anasema haki, anauliza: tukishamutazama na tusimufahamu, tumupeleke wapi? Hapa hatuna jibu zuri, na hatutadanganya. Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya maoni yetu haiwahusu wakulima peke yao.

Tunachoomba

Kwa koperative tunaomba vitu vine. Lupe moja ya kukuza mara kumi katika kila depo, ifungwe na kamba isipotee. Chupa ndogo yenye pombe kali ya kuhifazi wadudu. Hata lotoko ya kwanza, ile inayowaka moto, inafaa, kama mulinzi wa depo si mutu wa kuionja. Daftari la kuandika: siku, kilimo gani, kijiji gani, mdudu alikutwa ndani ya punje ao nje, na jina ambalo wenyeji wanamuita. Andikeni kwa kalamu ya risasi karatasi ndogo na kuitia ndani ya chupa, juu bic inafutika katika pombe. Na sheria moja katika kitabu cha sheria za koperative: hakuna kununua dawa mpaka mukutano usikie ni mdudu gani, na nani amemutazama.

Kwa inspeksio ya kilimo, kwa walimu wa chuo kikuu hapa Kindu, kwa watafiti wa INERA: chupa zile zipate meza ya kupokelewa. Mukulima akituma mdudu, apate jibu, hata kama jibu ni «hatujamujua, tumemutuma mbele». Kama kuna fukusi mupya wa Maniema katika mwitu ao katika mashamba yetu, shahidi wake mumoja abaki hapa inchini, na jina ambalo mama wa lungo anamuita liandikwe pamoja na lile la Kilatini.

Na kwa mashirika yanayotusaidia, pamoja na hili linalochapa gazeti hili: tumeona orodha za vifaa vya miradi. Zina pompe za kupulizia, zina mifuko, zina kofia na tishati. Lupe hatuzioni. Bei ya tishati chache inatosha lupe za depo nzima ya teritware. Tunajua maneno haya yanaweza kukatwa na muhariri. Tunatumaini hatayakata.

Sisi maagronomu tuna deni yetu pia. Tulifundishwa mwili wa wadudu katika taasisi, tulichora mapembe na miguu, tulipata pointi, halafu tukafika shambani na tukaacha yote katika daftari. Tukawa watu wa kuandika majina ya dawa. Ule mama alipotuuliza swali lake, hakutuuliza juu ya dawa. Alituuliza kama tulitazama.

Tulirudi kwake miezi miwili iliyopita na lupe. Alimuweka fukusi juu ya ukucha wake, akafunga jicho moja, akakaa kimya muda murefu. Kisha akasema: «Kumbe meno yake yako kule mbele.» Tukamuambia ndiyo. Akageuka kwa wenzake: «Basi mayai iko ndani. Poda ya nini?» Wakaanza kutoa bashi nje, wakaanika mupunga wote kwenye jua kali, mwembamba, wakiugeuza kila saa, halafu wakapima na chumvi kabla ya kuurudisha.

Mupunga ule bado uko depo. Bei haijapanda vya kutosha, na wamemba wamekubali kungoja tena.